Chuma Kimo Sahanini, Damuni Hakijafika

Mtu akitoka maabara na karatasi inayosema damu yake imepungua, ushauri humfikia kabla hajafika nyumbani. Jirani atamtajia juisi ya rozela, shangazi atamwambia asage bitiruti, muuza duka la dawa atamshushia chupa kutoka rafu ya juu. Yeye mwenyewe ataanza kula mchicha mchana na usiku. Mwezi ukiisha anarudi kupima, na kipimo hakijasogea. Wengi hukata tamaa hapo, wakaamini kwamba kula vizuri ni maneno ya mabango ya kliniki na kwamba dawa halisi ni ile ya ghali zaidi.

Pengine chakula chake hakikuwa na kasoro kubwa. Kasoro iko kwenye hesabu. Tunahesabu madini yaliyoingia mdomoni, wakati mwili unahesabu yale yaliyovuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Ukuta huo haupitishi kila kinachokuja. Una milango inayofunguliwa na kufungwa kwa amri za ini, figo na tezi, na amri hizo hutegemea akiba iliyopo mwilini na kama mtu ni mzima au anaumwa. Anayezielewa taratibu hizi anaweza kupata faida kubwa kwenye fungu la mboga na kipande cha ndimu, huku mwenzake akimeza vidonge vya fedha nyingi na kuvitoa chooni. Nitakaa zaidi kwenye chuma, kwa kuwa ndicho kinachowatesa wanawake na watoto wetu wengi, na kwa kuwa ukikielewa hicho, madini mengine hayakupi shida.

Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne tu za chuma mwili mzima. Karibu theluthi mbili ziko ndani ya chembe nyekundu za damu, kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Chembe moja nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka, seli za bandama na ini huimeza na kuichambua, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho wa mifupa kutengenezea chembe mpya. Kila siku miligramu 20 hadi 25 za chuma huzunguka hivyo humo humo ndani. Kinachotakiwa kutoka kwenye chakula ni miligramu moja au mbili tu kwa siku, kufidia kinachopotea ngozi inapobambuka, seli za utumbo zinapodondoka na, kwa wanawake, damu ya hedhi inapotoka.

Mwaka 1937 watafiti wawili wa London, Robert McCance na Elsie Widdowson, walieleza jambo ambalo bado linawashangaza watu wengi: mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chumvi ikizidi, figo huitoa kwa mkojo. Chuma kikishaingia kwenye damu, kimeingia. Kwa hiyo udhibiti wote hufanyika wakati wa kuingia, kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, chakula kinapotoka tu tumboni. Ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya kujulikana amri inatoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitambuliwa homoni ndogo inayotengenezwa na ini, ikaitwa hepsidini. Akiba ya chuma ikijaa, ini hutoa hepsidini nyingi. Hepsidini hunasa kwenye ule mlango wa seli ya utumbo unaotazama upande wa damu, na seli huuvuta mlango huo ndani na kuuvunja. Chuma kilichokwisha kuingia kwenye seli hukwama humo. Seli za utumbo hazidumu. Baada ya siku chache huchakaa, hudondoka na kutoka na choo, pamoja na chuma chake. Akiba ikipungua, hepsidini hushuka, milango hujengwa upya, na mtu yuleyule anayekula ugali na maharage yaleyale hufyonza chuma mara kadhaa kuliko awali.

Hilo lina maana kubwa kwa mama mjamzito. Mimba nzima hudai takriban gramu moja ya chuma, kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma na ongezeko la damu ya mama mwenyewe. Mwili wake hushusha hepsidini kuanzia miezi ya kati ili afyonze kadiri awezavyo. Hata hivyo mwanamke aliyeingia kwenye mimba akiwa na akiba ndogo, na hao ni wengi, ni vigumu kuifikia gramu hiyo kwa chakula peke yake. Vidonge anavyopewa kliniki vinaziba pengo hilo. Dada anayevitupa kwa sababu vinamletea kichefuchefu namwomba arudi amwambie muuguzi, abadilishiwe saa ya kumeza au aina ya kidonge, lakini asivitupe.

Mwili unaoumwa hufunga mlango

Hepsidini haipandi kwa sababu ya akiba peke yake. Hupanda pia mwili unapopambana na maambukizi. Vijidudu vingi vinahitaji chuma ili vizaliane, kwa hiyo mwili ukihisi adui ameingia, ini hutoa hepsidini, milango ya utumbo hufungwa, na hata chuma kilichomo kwenye seli za bandama huzuiliwa kisitoke. Ni ulinzi wa akili sana kwa siku chache za homa. Kwa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, au mtu mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, ulinzi huo hugeuka kuwa njaa ya chuma isiyokwisha: chakula kipo, pengine hata akiba ipo, lakini uboho haupati cha kutengenezea damu.

Kisiwani Pemba ndiko dunia ilikojifunza uzito wa jambo hili. Watoto wadogo kwa maelfu waligawiwa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu, kuona kama afya zao zingeimarika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kinyume. Katika eneo lile lililokuwa na malaria nyingi, waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali, na ugawaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa. Lakini katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria ipasavyo, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba penye malaria, kuwapa watoto chuma kuambatane na kinga, upimaji na matibabu ya malaria.

Kwa mzazi ushauri wangu ni huu. Ukiambiwa damu ya mwanao imepungua, swali la kwanza liwe inakwenda wapi au inazuiliwa na nini. Apimwe malaria. Apimwe minyoo, maana minyoo ya safura hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku, na kichocho humtoa mtu damu kwa mkojo au choo. Mwanamke mtu mzima aulizwe kuhusu hedhi yake: inayodumu zaidi ya wiki, au inayotoka na mabonge, inaweza kumaliza chuma haraka kuliko mboga yoyote inavyoweza kukirudisha. Mwanaume mwenye upungufu wa chuma, au mwanamke aliyekoma hedhi, asiridhike na vidonge mpaka achunguzwe tumbo na utumbo, kwa sababu huenda kuna mahali damu inavuja.

Mtoto akishapona malaria, msimsahau. Hepsidini yake ikishashuka, milango hufunguka, na wiki zinazofuata ndizo ambazo mwili wake uko tayari kupokea. Mara nyingi nyumbani tunamkazania kula akiwa na homa, anatapika na hataki hata uji, halafu akirudi kucheza tunarudi kwenye chakula cha kawaida. Yai, dagaa, maini kidogo na matunda yamngojee hasa baada ya homa kwisha.

Sahani moja, vyakula vinavyogombana

Chuma cha chakula ni cha aina mbili. Kuna kile cha damu na misuli ya wanyama, kilichomo kwenye nyama, maini, kuku na samaki. Hicho huingia kwenye seli za utumbo kikiwa bado kimefungwa ndani ya umbo lake, hivyo hakisumbuliwi sana na vyakula vingine, na mwili unaweza kupata hata robo yake. Kuna kile cha mimea: maharage, kunde, choroko, dona, ulezi, mchicha, kisamvu, matembele. Hiki ndicho tunachokula kwa wingi na ndicho chenye vikwazo. Mara nyingi inayofyonzwa haifiki hata sehemu moja ya kumi. Bitiruti iliyotajwa hapo juu, pamoja na sifa zake nyingine, haina hata miligramu moja ya chuma kwa gramu 100. Wekundu wake ni rangi tu.

Kikwazo kilicho rahisi kuliko vyote kuondoa ni chai. Tanini za majani ya chai, na viini vya jamii hiyo vilivyomo kwenye kahawa, hushikamana na chuma cha mimea hadi seli za utumbo zikashindwa kukipokea. Kikombe cha chai ya rangi kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu, na kutia maziwa hakuondoi tatizo. Sisi ni watu wa chai na sitamwambia mtu aiache. Aihamishe. Chai ya saa nne asubuhi na ile ya saa kumi jioni zikinywewa mbali na mlo, kwa saa moja au zaidi, hazina ugomvi na chuma. Kama kifungua kinywa chako ni andazi na chai, endelea tu, hapo hakuna chuma kingi cha kupoteza. Kama ni chai na maharage ya jana, au chai na uji wa lishe, basi unatupa kilicho bora zaidi mezani. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai kabisa, hata ile nyepesi ya kulowekea mkate.

Msaidizi mkubwa wa chuma cha mimea ni vitamini C. Hukibadilisha kiwe katika hali ambayo seli za utumbo zinaipokea, na hukizuia kisishikwe na vitu vingine njiani. Ikiwa ya kutosha katika mlo uleule, inaweza kuongeza ufyonzwaji mara mbili au tatu. Neno la kuzingatia hapo ni mlo uleule: chungwa la saa kumi halisaidii maharage ya saa saba. Na moto huiharibu. Nyanya iliyochemka nusu saa kwenye mchuzi imeshapoteza sehemu yake, kwa hiyo ndimu ikamuliwe mezani, juu ya mboga iliyokwisha kupakuliwa. Kachumbari mbichi ya nyanya, hoho na ndimu kando ya wali na maharage inafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pera lina vitamini C nyingi kushinda chungwa, na lipo tele kwa bei ndogo; papai, embe na ubuyu navyo vinafaa.

Kisha kuna fitati. Hivi ni viini ambavyo mbegu hutumia kuhifadhi fosforasi, navyo viko kwenye pumba za mahindi, maharage, karanga na ufuta. Hushika chuma, na hushika zinki kwa nguvu zaidi. Dawa yake iko katika mapishi ya kale ambayo sasa tunayaacha kwa haraka ya maisha. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Ulezi ukiloweshwa ukachipua, ukawa kimea, kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu huanza kuvunja fitati ili chipukizi lipate chakula, na sisi tunafaidi. Kuchachusha nako kunafanya hivyo: togwa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na uji uliolala ukachachuka, hutoa madini mengi zaidi kuliko unga uleule ukipikwa moja kwa moja. Watu huniuliza kama basi sembe ni bora kuliko dona kwa kuwa fitati zake ni chache. Hapana, kwa sababu pumba zilipoondolewa, madini nayo yaliondolewa. Nachagua dona, na nikipata nafasi naulowesha unga au nauchachusha kabla ya uji. Anayenunua sembe ya pakiti atafute yenye alama ya kuongezwa virutubishi, maana Tanzania na Kenya zote zina sheria za kuwataka wasagaji wakubwa waongeze chuma na zinki.

Kuhusu magadi, ambayo wengi hutia ili maharage yaive upesi, nina onyo kwa walio Arusha, Kilimanjaro na maeneo ya jirani. Maji ya huko mengi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayochotwa kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa huja na floraidi yake pia. Figo hutoa sehemu tu, iliyobaki hukaa kwenye meno na mifupa. Mtoto hubakiza sehemu kubwa kuliko mtu mzima kwa sababu mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, na ndipo yanapotokea meno ya kahawia na miguu iliyopinda. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi ukali. Uji na chakula cha mtoto mdogo vipikwe kwa maji ya mvua ikiwezekana, au maji yaliyopita kwenye chujio la mifupa iliyochomwa, bila magadi. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva bila hayo.

Jambo la mwisho kuhusu sahani ni hili. Nyama au samaki, hata kwa kiasi kidogo, huongeza ufyonzwaji wa chuma cha mimea kilichomo kwenye chungu kimoja nayo. Familia isiyoweza kununua nyama haihitaji kusubiri sikukuu. Kiganja cha dagaa ndani ya maharage au kisamvu kinatosha kuleta tofauti, na kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, dagaa safi waliokaushwa, wakasagwa laini, wachanganywe kwenye uji wake. Umri huo ndio hasa akiba aliyozaliwa nayo inapoishia. Akiba hiyo huongezeka kitovu kikiachwa dakika moja hadi tatu kabla ya kukatwa. Mama anaweza kulizungumza na mkunga wake kabla ya siku ya kujifungua.

Vidonge

Kidonge cha chuma huja na dozi kubwa mno ukilinganisha na chakula, kwa kawaida miligramu 60 za chuma chenyewe. Nyingi hazifyonzwi, ndiyo sababu choo huwa cheusi, na weusi huo usikutishe. Watafiti wa Zurich, Uswisi, waliowachunguza wanawake vijana wenye akiba ndogo ya chuma waligundua kwamba dozi ya leo hupandisha hepsidini kwa takriban saa 24, kwa hiyo dozi ya kesho hukuta milango imefungwa nusu. Wanawake waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Kwa asiye mjamzito ambaye vidonge vya kila siku vinamuumiza tumbo, hilo ni jambo la kumwomba daktari. Kwa mjamzito, afuate alivyopangiwa kliniki. Na kwa vyovyote, kumeza viwili kwa mara moja ili kufidia cha jana ni kujiletea maumivu ya tumbo bure.

Kidonge cha chuma kimezwe na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, kahawa na maziwa. Kalsiamu nayo hushindana na chuma, kwa hiyo mjamzito aliyepewa vidonge vya kalsiamu kuzuia kifafa cha mimba avitenganishe na vya chuma kwa saa kadhaa. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, hupunguza pia ufyonzwaji wa chuma, maana asidi ndiyo inayokiyeyusha. Mtu anayezitumia miezi na miezi bila kuandikiwa upya anahitaji kurudi kwa daktari. Antibayotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini hushikamana na chuma au kalsiamu hadi vyote viwili vikose kazi. Kipimo kikirudi kawaida, usiache papo hapo: kwa kawaida dozi huendelea miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Na chupa iwekwe mahali pa juu palipofungwa. Vidonge vya chuma, ambavyo vingi hung'aa mfano wa peremende, vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Zinki, kalsiamu, madini joto

Zinki haina ghala mwilini. Zipo gramu mbili au tatu, karibu zote ziko kazini, na utumbo ndio unaosawazisha: chakula kikiwa na zinki kidogo, unafyonza sehemu kubwa na kurudisha kidogo chooni. Usawazishaji huo una kikomo. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa Shiraz, Iran, waliokuwa wamedumaa wakaonekana watoto ilhali umri wao ulikuwa mkubwa zaidi. Walikuwa wakila mkate usiochachushwa, na walikuwa wakila udongo. Fitati za mkate na udongo vilizuia chuma na zinki kufyonzwa. Kwa hiyo dada zangu mnaonunua udongo wa kula sokoni wakati wa ujauzito, hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya kupungukiwa chuma, na udongo wenyewe huzidi kukizuia. Kapimeni damu; kwa wengi hamu huisha akiba ikirudi.

Mtoto akiharisha, hupoteza zinki nyingi. Ndiyo maana mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri apewe miligramu 20 za zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya ORS, na miligramu 10 kama hajafikisha miezi sita. Tafadhali maliza siku zote hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mtu mzima anayemeza zinki nyingi miezi mingi kwa kujinunulia mwenyewe ajue kwamba huzuia ufyonzwaji wa shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu usiosikia dawa ya chuma.

Kalsiamu ina tabia tofauti. Mwili una takriban kilo moja, asilimia 99 ikiwa kwenye mifupa na meno, lakini ile kidogo ya kwenye damu hulindwa kwa ukali kwa sababu moyo na misuli huitegemea. Tezi nne ndogo nyuma ya tezi ya shingo huipima wakati wote. Ikishuka, hutoa homoni inayoamuru figo zisiimwage, zitengeneze vitamini D iliyo tayari kwa kazi ili utumbo ufyonze zaidi, na mifupa itoe kutoka kwenye akiba yake. Ndiyo sababu kipimo cha kalsiamu kwenye damu kinaweza kuwa kizuri miaka mingi huku mifupa ikiliwa polepole. Usijifariji nacho.

Katika maziwa mwili hufyonza karibu asilimia 30. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini viini vyake viitwavyo oksaleti huishika, na inayofyonzwa ni kidogo sana. Kuuchemsha na kumwaga maji husaidia kiasi. Sukuma wiki haina tatizo hilo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kama ya maziwa au kuishinda. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, wale ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, pamoja na ulezi wenye zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, ni hazina kwa asiyekunywa maziwa. Utumbo hufyonza vizuri zaidi kiasi kidogo kidogo kuliko mzigo mkubwa kwa mara moja, hivyo vidonge visizidi miligramu 500 kwa mpigo. Na bila vitamini D, mlango wa kalsiamu haufunguki ipasavyo. Mama anayeshinda ndani, au anayejisitiri mwili wote kila atokapo, apate nafasi ya jua la uani mikononi na usoni, yeye na mtoto wake mchanga, maana matege hutokea hata kwenye nchi za jua.

Madini joto yanahitajika kwa kiasi kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito. Sehemu kubwa ya yale yaliyomo mwilini hukusanywa na tezi ya shingo. Yakikosekana, ubongo huiamuru tezi ijitahidi, nayo huvimba: ndilo rovu lililokuwa likionekana sana kwenye nyanda za juu, ambako mvua imeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo. Madhara makubwa hayaonekani kwa macho, yako kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi yenye madini joto ikihifadhiwa wazi, au ikikaa juani mbele ya duka, hupoteza nguvu. Inunue iliyofungwa, itie kwenye kopo lenye mfuniko, iongeze chakula kikikaribia kuiva. Wapo wanaodhani chumvi zaidi ndiyo madini joto zaidi. Gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inakupa mikrogramu 150 ndani ya gramu hizohizo tano. Hesabu inatimia bila kuongeza presha. Figo nzima huweza kutoa sodiamu iliyozidi, lakini kwa kuipandisha presha ya damu ili zipate kuisukuma, na zinapochakaa uwezo huo hupungua. Mwenye ugonjwa wa figo aulize pia kuhusu potasiamu kabla ya kujaza sahani ndizi, mchicha na madafu, au kutumia chumvi mbadala, kwa sababu potasiamu isiyotoka inaweza kusimamisha moyo.

Wapo pia watu ambao mlango wa utumbo hauwalindi tena, kwa sababu chuma chao kimepita njia nyingine. Chupa moja ya damu ya kuongezewa hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, sawa na ambacho utumbo ungepitisha kwa miezi kadhaa, na hakina njia ya kutokea. Mtoto mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na damu pungufu na wakati huohuo chuma kilichozidi, kikirundikana kwenye ini na moyo wake. Vidonge vya chuma, na zile dawa za kuongeza damu zinazouzwa kwenye mabasi na mikutano ya biashara, zinaweza kumdhuru. Asipewe chuma mpaka daktari anayemfuatilia apime feritini, kipimo cha akiba ya chuma, na kusema ana upungufu. Weka daftari lenye tarehe ya kila chupa ya damu aliyopewa na hospitali aliyopewa, ulibebe kila anapopelekwa, hata kituo kipya ambako hawamjui, na mtu akimwandikia chuma, mwonyeshe daftari hilo kabla hujakwenda dirisha la dawa.